Albamu Sita za Nusu Mwaka, na Moja Ambayo Haipo

Mwaka 2024 umefika katikati na kila mtu ana orodha yake. Za London na New York zilitoka hata kabla Juni haijaisha, za Nairobi zikafuata. Hii ni ya Isiolo.

Sheria zangu ni tatu. Albamu iwe imetoka kati ya Januari na Juni mwaka huu. Iwe ya roki au ya pop, au ikae jirani na hizo mbili. Na iwe nimeisikiliza yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, angalau mara tano bila kuruka. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, juu bando ni pesa. Taylor Swift alitoa nyimbo 31 kwa mpigo kwenye The Tortured Poets Department, nikazimaliza mara moja, nikaangalia salio, nikasema dada, tutaonana mwaka ujao. Na kabla mtu hajaniuliza kuhusu Bien: Alusa Why Are You Topless? ilitoka Novemba 2023, wiki chache tu baada ya Sauti Sol kuagana na mashabiki pale Sol Fest. Matatu za hapa bado zinaipiga, lakini kwa kalenda yangu haiingii.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha simu karibu na steji. Narekebisha vioo, nauza chaja, na mpaka leo najazia watu nyimbo kwenye memori kadi, kwa sababu wateja wangu wengi wanatoka Merti, Garbatulla na Oldonyiro, sehemu ambazo mtandao unashika ukipanda kilima. Muziki mwingi nausikiliza kwa spika ya dukani, na watu wanatoa maoni bila kuulizwa. Baadhi ya maoni hayo yamo humu.

Hapa kwetu ukivaa fulana ya bendi ya roki utaulizwa kama umeacha dini. Roki, wanasema, ni ya wazungu, halafu ni ya watoto wa Nairobi waliosoma shule za bei. Pop nayo ni ya Lagos na ya Marekani. Sisi wa kaskazini eti kazi yetu ni kupokea. Nimechoka kubishana kwa mdomo, kwa hivyo nimeandika. Tuanze chini tupande.

6. Tems, Born in the Wild

Tems alikuwa ametupa mikusanyo miwili mifupi, For Broken Ears mwaka 2020 na If Orange Was a Place mwaka 2021. Hii ya tarehe 7 Juni ndiyo albamu yake ya kwanza kamili, nyimbo 18. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa jambo lingine pia: Desemba 2020 alikamatwa Kampala pamoja na Omah Lay baada ya shoo, wakashtakiwa kwa kuvunja masharti ya Korona, kesi ikafutwa baadaye. Alikuwa ndio kwanza anaanza kujulikana. Mtu mwingine angerudi nyumbani akajificha.

Nguvu ya albamu hii ni sauti. Iko chini, karibu na kifua, na haikimbii. Wasanii wengi wa pop siku hizi wanaimba kama mtu anayeogopa utabadilisha wimbo. Tems anaimba kama mtu ambaye amekaa na hana haraka ya kwenda popote. "Love Me JeJe" imechukua uzi wa wimbo wa Seyi Sodimu wa mwaka 1997, na hapo ndipo nilianza kuipenda albamu yenyewe. Amerudi kwa muziki ambao mama zake walicheza, akauchukua bila kuukejeli na bila kuupaka rangi ya makumbusho. Dada mmoja anayeuza maziwa ya ngamia alipita kibandani mara mbili kuuliza huo wimbo ni wa nani. Mara ya tatu alikuja na memori kadi.

Shida yake ni katikati. Kati ya wimbo wa nane na wa kumi na tatu, mwendo unakuwa mmoja na unaanza kufikiria mambo ya kodi ya nyumba. Ingekuwa na nyimbo 12 ingekuwa juu zaidi kwenye orodha hii.

5. Billie Eilish, Hit Me Hard and Soft

Kabla ya tarehe 17 Mei, Billie Eilish hakutoa hata wimbo mmoja wa kuonjesha. Alitaka tuisikie yote kwa pamoja: nyimbo 10, chini ya dakika 45, zote ametengeneza na kaka yake Finneas. Kwa mtu wa sheria yangu ya tatu, hiyo ni heshima.

Spika ya dukani ilishindwa nayo kabisa. Billie ananong'ona, na Isiolo hainong'oni. Kuna lori za Moyale, kuna mbuzi, kuna makanga wa Meru wanaita abiria. Ilibidi niisikilize usiku kwa spika za masikioni, na hapo nikaelewa kwa nini watu wameipenda hivyo. Kila kitu kimewekwa mahali pake kama vyombo kwenye kabati ya mama mwenye nidhamu. Besi ya "Chihiro" inatembea chini chini, wimbo uliopewa jina la yule msichana wa filamu ya Spirited Away, na sauti inakaa juu yake bila kuikanyaga. "L'Amour de Ma Vie" inaanza kama wimbo wa hoteli tulivu halafu inageuka disko bila kuomba ruhusa.

Lakini wimbo wa kurudia ni "The Greatest". Miaka yote hii tumezoea kumsikia akijizuia. Hapa anajizuia kwa dakika kadhaa, kisha anaachilia, na unagundua kwamba ile minong'ono ilikuwa uamuzi, sauti kubwa ilikuwepo muda wote. Ana miaka 22. Ninachomlaumu ni kwamba albamu imefungwa vizuri kupita kiasi. Hakuna mlango wa wazi, hakuna mahali ambapo mgeni anaweza kuingia na viatu.

4. Beth Gibbons, Lives Outgrown

Huyu vijana wengi hawamjui, na ni haki yao. Ndiye mwimbaji wa Portishead, bendi ya Uingereza iliyotoa Dummy mwaka 1994, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Sasa ana miaka 59, na albamu yake ilitoka siku moja na ya Billie Eilish. Aliitengeneza kwa takriban miaka kumi. Nyimbo ziko 10. Ni kama wimbo mmoja kwa mwaka, na inasikika hivyo: hakuna neno lililowekwa kujaza nafasi.

Anaimba kuhusu mwili kuzeeka, kuhusu kuzika watu, kuhusu kujua kwamba siku zilizobaki zinahesabika. Pop haina nafasi ya mambo haya. Pop inadhani mwanamke akifika 40 amehamia redio ya dini. Halafu sikiliza ngoma zake. Lee Harris, aliyekuwa mpigaji wa Talk Talk, aliweka kando dramu za kawaida akapiga vitu vya nyumbani: vibakuli vya plastiki, mikebe, hata boksi lililojazwa mapazia. Matokeo ni mdundo mzito usio na mng'ao, kama mtu anayepiga jerikeni tupu nje ya manyatta usiku. Sisi tunaujua mlio huo vizuri. Watoto wa Isiolo wamecheza harusi nzima kwa jerikeni ya lita ishirini.

Mwishoni mwa "Floating on a Moment" zinaingia sauti za watoto, juu ya maneno mazito kuhusu kifo, na wimbo badala ya kuzama unaelea. Mama yangu haelewi Kiingereza cha nyimbo, lakini alikaa akasikiliza huo hadi mwisho, akasema tu, "Huyo amefiwa." Sijasoma uchambuzi uliosema zaidi ya hapo.

Haifai matatu wala karamu, na usianze nayo siku mbaya.

3. Beyoncé, Cowboy Carter

Wakenya hawahitaji kuelezwa kauntri ni nini. Sisi ndio nchi ambayo Jim Reeves na Kenny Rogers wana watu wao mpaka vijijini, Sundowner ya KBC imelea vizazi, na Sir Elvis anajaza ukumbi akiwa na kofia yake. Panda Meru Jumapili jioni uone. Kwa hivyo wakati Wamarekani walikuwa wanabishana kama Beyoncé ana haki ya kuimba kauntri, mimi nilikuwa nashangaa kwa nini walikuwa wamefunga geti kwanza.

Albamu ilitoka tarehe 29 Machi na inajibu swali hilo kwa njia nyingi. Banjo ya "Texas Hold 'Em" imepigwa na Rhiannon Giddens, msanii ambaye kwa miaka amekuwa akiwakumbusha watu kwamba banjo ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Grand Ole Opry mwaka 1969, yumo kwa sauti yake mwenyewe. Willie Nelson na Dolly Parton wanajitokeza kama watangazaji wa redio ya kubuni. Ni historia iliyowekwa ndani ya burudani, na burudani haikuharibika. Wimbo huo ulimfanya Beyoncé mwanamke mweusi wa kwanza kufika namba moja kwenye chati ya nyimbo za kauntri ya Billboard.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Isiolo analiona haraka. Kauboi ni mchungaji tu. Ni kijana aliyelipwa kidogo kupeleka mifugo ya wengine mbali, analala nje, anaimba ili ng'ombe watulie, na idadi kubwa ya hao vijana wa Texas baada ya utumwa walikuwa weusi. Hollywood ikamwosha akawa shujaa mweupe. Nilimwonyesha mchungaji mmoja wa Garbatulla picha ya jalada, Beyoncé akiwa amekaa upande juu ya farasi mweupe na bendera mkononi. Aliiangalia vizuri. "Farasi ni mzuri," akasema. "Huyo mama ng'ombe hajakimbiza."

Na hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Vipande 27 ni vingi, na kuna mahali unasikia pesa kuliko vumbi. "Jolene" ya Dolly Parton ilikuwa ombi la mwanamke anayejua ameshindwa, ndiyo sababu inauma. Beyoncé ameigeuza kuwa onyo. Inafurahisha mara ya kwanza, lakini onyo la tajiri haliogopeshi sana, na huruma iliyokuwa kwenye wimbo imetoka nje. Hata hivyo nusu ya kwanza ya albamu hii ni kazi kubwa, na swali lake, nani aliandika historia ya wafugaji, ni swali letu pia.

2. Lord Spikeheart, The Adept

Wa nyumbani. Martin Kanja alikuwa nusu ya Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi ambalo albamu yake ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliwafanya watu wa mbali wagundue kwamba Kenya ina muziki wa metali. Sisi tulijua. Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass walikuwa wakipiga Nairobi miaka mingi kabla ya mwandishi yeyote wa Ulaya kufika. Aprili mwaka huu Kanja alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, na akaitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Nitakuwa mkweli: usimpigie shangazi. Ni kelele za kompyuta zilizopasuka, besi inayotisha, na juu yake mtu anapiga mayowe kama anatolewa pepo. Maneno mengi huyashiki mara ya kwanza. Maprodyuza ni wengi, wageni ni wengi, akiwemo Backxwash, rapa aliyezaliwa Zambia anayeishi Kanada, na kila wimbo unaingia kwa mlango tofauti. Mara ni metali, mara ni rapu, mara ni kitu ambacho hakijapewa jina. Kuna nyimbo mbili tatu ambazo kelele imekuwa ni kelele tu, na wageni wamemfunika mwenye nyumba.

Lakini hasira yake ina anwani. Kanja ameitolea kazi hii heshima za wapiganaji wa Mau Mau, na amemtaja Field Marshal Muthoni wa Kirima kama nyanya wa ukoo wake. Muthoni ndiye aliyefuga rasta tangu siku za msitu, akazikata hadharani Aprili 2022 akiwa mzee, akafariki Septemba 2023. Ukijua hivyo, yale mayowe yanabadilika. Unasikia mtu anayeuliza ilikuwaje watu waliopigania ardhi wazeeke bila ardhi.

Naandika siku chache baada ya tarehe 25 Juni. Vijana wa umri wangu waliingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapigwa risasi, wengine hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Wiki hiyo nyimbo nyingi tamu zilinishinda kusikiliza. Tems ilikuwa tamu mno. Beyoncé ilikuwa mbali mno. The Adept ndiyo albamu pekee ya Kenya ya nusu mwaka huu iliyosikika kama ilikuwa inajua kinachokuja, na ilitoka miezi miwili kabla.

1. Mdou Moctar, Funeral for Justice

Agadez iko Niger, mbali sana na hapa, lakini ukiangalia picha zake unaweza kudhani umepita Archers Post: vumbi, ngamia, miti ya miiba, pikipiki, watu waliofunga vitambaa kichwani. Mdou Moctar ni Mtuareg, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa nyaya za breki za baiskeli. Kabla dunia haijamjua, nyimbo zake zilisambaa Sahara kwa simu, kutoka memori kadi hadi memori kadi. Kwa hiyo nina upendeleo wa kikazi. Aliwahi hata kucheza kwenye filamu iliyofuata njia ya Purple Rain ya Prince, lakini kwa Kitamasheki hakuna neno la zambarau, ikabidi jina la filamu liseme mvua ya rangi ya buluu yenye wekundu kidogo.

Funeral for Justice ilitoka tarehe 3 Mei. Nyimbo 9, chini ya dakika 40. Hakuna wimbo wa kuruka. Ahmoudou Madassane anashika gitaa la pili, Souleymane Ibrahim anapiga dramu kama anafukuzwa, na Mikey Coltun, Mmarekani anayepiga besi, ndiye prodyuza. Wengine waliopiga gitaa la jangwani, hata walio wazuri, mara nyingi wameuzwa Ulaya kama muziki wa kutulia: jua linazama, ngamia wanapita, mgeni anakunywa divai. Hapa hakuna kutulia. Gitaa linakuja kwa mawimbi, linapanda, linakatika, linarudi kwa kasi zaidi, na chini yake kuna mdundo wa tende, ile ngoma ya wanawake wa Kituareg inayotengenezwa kwa kinu kilichofungwa ngozi ya mbuzi. Wimbo wa jina la albamu unawauliza viongozi wa Afrika wako wapi. "Oh France" haihitaji maelezo. Julai 2023, wakati jeshi lilipopindua serikali Niger, bendi ilikuwa ziarani Marekani. Mipaka ikafungwa. Wakabaki huko, wakaomba mashabiki wawachangie hela ya kuishi. Mtu akisema siasa za albamu hii ni za mapambo, mkumbushe hilo.

Msidhani "Oh France" ni ya wenye Kifaransa tu. Archers Post, mwendo mfupi kaskazini ya mji wetu, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi miaka na miaka, na mabomu yaliyoachwa yakalipuka mikononi mwa wachungaji. Mwaka 2002 serikali yao ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 200, Wasamburu na Wamaasai. Hilo ni jambo lililotokea kwa watu tunaouziana nao mbuzi. Hakuna aliyelipigia gitaa.

Wimbo ninaourudia zaidi ni "Imouhar". Ndani yake Mdou Moctar anawasihi Watuareg wenzake wasiache lugha yao ife, juu wanaoweza kuiandika wamekuwa wachache. Angeweza kuimba hivyo kwa upole, kama mwalimu. Yeye ameufanya uwe wimbo wa kasi zaidi, gitaa linawaka, kana kwamba lugha ni nyumba inayoungua na huna muda wa hotuba.

Mzee mmoja wa Kiborana aliusikia dukani. Alikuwa amekuja kutafuta betri ya simu ya kitochi. Akasimama.

"Kijana, huyu ni wa wapi?"

"Wa Niger, Abba. Ni Mtuareg. Wana ngamia kama sisi."

"Haya. Mbona anaimba ya kisimani?"

Nilizima spika ili nimsikie vizuri. Akanieleza ninachokijua nusu: vile visima virefu vya Waborana, vijana wamejipanga kwa ngazi kutoka chini hadi juu, ndoo inarushwa mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoshika mwendo. Ukikosea wimbo ndoo inaanguka, na ng'ombe wanangoja. Mstari mmoja unarudiwa na kurudiwa, mmoja anaita, wengine wanajibu, kasi inapanda kadiri kiu ya mifugo inavyopanda. Kwa maneno ya watu wa roki, hiyo ni rifu. Mzee alikuwa ameisikia ndani ya gitaa la umeme, kutoka upande wa pili wa bara, bila kuelewa neno hata moja.

Albamu ya mwaka mpaka sasa. Sidhani kama itapinduliwa kufika Desemba.

Zilizokosa nafasi kidogo

Brat ya Charli XCX ilitoka siku moja na ya Tems, ni werevu mtupu, lakini bado sijafika mara tano. Only God Was Above Us ya Vampire Weekend ina nusu ya kwanza nzuri sana. Tyla wa Afrika Kusini ana nyimbo nne za moto kwenye albamu yake ya Machi, na nyingine za kujaza.

Namba saba, ambayo haipo

Nilitaka orodha ya albamu saba. Nafasi ya saba niliiwekea albamu ya kaskazini mwa Kenya: Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali, yoyote, mradi iwe ya gitaa, na iwe albamu. Nimetafuta nusu mwaka. Nimeuliza maprodyuza wa hapa mjini, nimeuliza madereva wa Marsabit na Moyale wanaobeba muziki wa barabara nzima kwenye flashi zao. Nyimbo zipo kibao. Albamu hakuna niliyoipata.

Sababu si ukosefu wa vipaji. Harusi inalipa, albamu hailipi. Mwanasiasa analipa vizuri zaidi, hasa mwaka wa kura. Halafu kuna mashirika: msanii anaitwa, anapewa mada, amani au ukame au chanjo, anaimba, anapigwa picha, analipwa, wimbo unachezwa kwenye warsha na kuisha hapo. Siwalaumu wasanii, watoto wanakula. Lakini mtu akiimba maisha yake yote kwa mada za wengine, atajuaje mada yake? Na akifika Nairobi anaambiwa achague: aimbe Kiswahili apate redio, au avae shanga aimbe ya kitamaduni kwa watalii. Gitaa la umeme kwa Kiborana halina meza ya kukalia.

Wenzetu walio karibu walishaonyesha njia. Mogadishu ya miaka ya themanini ilikuwa na bendi kama Dur-Dur, gitaa na besi na kinanda, watu wanacheza hadi asubuhi. Hargeisa ilipokaribia kupigwa mabomu mwaka 1988, watu walizika kanda za redio chini ya ardhi ili zisiteketee, na baadhi ya muziki huo ukatoka tena mwaka 2017 kwenye mkusanyo wa Sweet as Broken Dates, ukateuliwa hata kwa Grammy. Waoromo wa Ethiopia, ambao lugha yao ndiyo ya Waborana wetu, walikuwa na Ali Birra miaka zaidi ya hamsini. Walikuwa na Hachalu Hundessa mpaka alipouawa Addis Ababa tarehe 29 Juni 2020, na nyimbo zake mpaka leo najazia watu kila wiki. Wateja wangu wanazijua kwa moyo. Yaani muziki wa lugha yetu tunao, lakini unavuka mpaka kuja, hauvuki kwenda.

Na hapa "Imouhar" inaniuma. Mimi nyumbani nasalimia kwa Kiborana, nahesabu pesa kwa Kiswahili, natania kwa Sheng, naandika ujumbe wa mapenzi kwa Kiingereza. Wadogo zangu hata zile salamu wanazifupisha. Ule wimbo wa kisimani mzee aliuanza dukani, mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu ikabidi afikirie. Pale Nairobi, Ketebul na wenzao wana mradi wa kurekodi muziki wa jadi unaoitwa Singing Wells, jina linalotokana na hivyo visima vya wafugaji. Ni kazi nzuri na ninaishukuru. Ila kurekodi cha wazee ni kazi moja, na kijana wa miaka 20 kuchukua mdundo huo, kuufunga waya, kuongeza sauti mpaka kioo kitetemeke, ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya kitu kiishi.

Kwa hivyo nafasi ya saba naiacha wazi hadi Desemba. Sihitaji studio ya bei. Beth Gibbons ametumia boksi la mapazia, Mdou Moctar ameanza na waya za breki. Nyimbo tisa zinatosha, dakika arobaini. Imba kuhusu Archers Post. Imba kuhusu mbuzi waliokufa misimu ile mitano mvua ilipokataa. Imba hata kuhusu msichana wa Bula Pesa aliyekukataa, mradi iwe kwa lugha ambayo yeye alikukatalia. Ukimaliza, lete kibandani. Nitaiweka kwenye kila memori kadi inayopita hapa, bure, mpaka ifike Moyale.